Hakuna Mumiani wa Figo

Katika kundi letu la ukoo la WhatsApp, ambalo kwa kawaida hutumika kwa michango ya harusi na picha za samaki waliovuliwa Raskazone na watu wasiojua kuvua, juzi ilirushwa sauti ya mwanamume mwenye pumzi nzito. Anasimulia kwamba kuna watu wanazunguka Tanga na gari jeusi, wanamziba mtu pua kwa kitambaa chenye dawa, na mtu huyo anazinduka ufukweni akiwa na mshono ubavuni na figo moja imekwenda. Sauti yenyewe haikunishangaza, kwa sababu nimekwisha kuisikia ikisimuliwa juu ya Mombasa, juu ya Dar es Salaam, na hata juu ya Lushoto, ambako sijui huo ufukwe waliupata wapi. Kilichonikera ni wakati iliporushwa. Mpwa wangu alikuwa ametoka kuandika kwamba yuko tayari kupimwa ili amtolee figo mjomba wake, ambaye anaishi kwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Jibu alilopewa na mashangazi ni ile sauti, na chini yake maneno haya: "Mwanangu, umesikia? Figo zina soko."

Binti hakujibu, na adabu haimruhusu. Mimi pia siwezi kubishana ovyo na dada zangu wakubwa mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo ninajibu hapa.

Anayeamini kwamba figo inaibwa garini anadhani kuwa kazi kubwa ni kuitoa. Kumbe kuitoa ndiyo kazi iliyokuwa rahisi kuliko zote. Mfaransa Alexis Carrel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kuonyesha namna ya kushona mishipa ya damu, na kwa ufundi huo aliweza kuhamisha figo za wanyama. Akagundua jambo lililomsumbua: figo ya mnyama ikihamishwa na kurudishwa ndani ya mnyama yuleyule iliweza kuendelea kufanya kazi, lakini ya mnyama mwingine ilikufa hata kama mshono ulikuwa safi. Mwaka 1933, mjini Kherson nchini Ukraina, daktari Yurii Voronoy alimpandikiza mwanamke kijana figo ya mzee aliyekwisha kufariki, ambaye kundi lake la damu halikuwiana na la mgonjwa. Mwanamke huyo aliishi siku mbili. Katika Vita Kuu ya Pili, Peter Medawar, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa Mlebanoni, alichunguza ngozi waliyopandikizwa watu walioungua, akaona kwamba ngozi ya mtu mwingine hukataliwa, na ngozi ya mtu huyohuyo ikiletwa mara ya pili hukataliwa kwa haraka zaidi. Maana yake mwili humkumbuka mgeni. Kazi hiyo ilimpatia Nobel mwaka 1960, na kila aliyefanikiwa baada yake alikuwa anahangaika na kumbukumbu hiyo.

Ndiyo sababu upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa kwa muda mrefu, ule wa tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, ulifanywa kati ya mapacha wa kufanana, Ronald na Richard Herrick. Daktari mpasuaji Joseph Murray na wenzake hawakukubali maneno matupu kwamba hawa ni mapacha. Walipachika kipande cha ngozi ya mmoja kwenye mwili wa mwenzake wakasubiri kuona kama kitakataliwa, na hata alama za vidole zilichukuliwa. Hao walikuwa ndugu waliotoka tumbo moja kwa wakati mmoja, na bado madaktari walikuwa na wasiwasi. Sasa msimuliaji wetu anatuambia kwamba kijana aliyeokotwa njiani usiku, ambaye kundi lake la damu halijulikani, ambaye hajapimwa virusi vya ukimwi wala homa ya ini, ambaye damu yake haijakutanishwa maabara na damu ya anayepokea, amekatwa mishipa garini na mtu anayeogopa polisi, na hiyo figo ikaenda kufanya kazi ndani ya tajiri. Tajiri gani huyo anayekubali kuwekewa takataka?

Hata kama vipimo vyote vingekubali, anayepokea lazima awe yuko tayari hospitalini, pamoja na madaktari wa upasuaji, wa usingizi na wa figo, wauguzi na maabara. Baada ya hapo atameza kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi, dawa za kuizuia kinga ya mwili wake isiishambulie. Dawa iliyobadili kila kitu, siklosporini, ilitokana na kuvu aliyepatikana katika udongo uliochotwa Norwe mwaka 1969. Nguvu yake ya kutuliza kinga iligunduliwa mwaka 1972 katika kampuni ya Sandoz huko Basel, na Roy Calne wa Cambridge akaanza kuwapa wagonjwa wake wa figo mwaka 1978. Kabla yake, kupandikiza kiungo kutoka kwa asiyekuwa pacha kulikuwa zaidi ni kumwahirishia mtu kifo.

Anayetaka kuona ugumu wenyewe aangalie mapafu. Figo imefichwa ndani, lakini pafu hupokea vumbi, moshi na vijidudu katika kila pumzi, na mtu ambaye kinga yake imetulizwa kwa dawa hana kinga ya kutosha kuvizuia. Tarehe 11 Juni 1963, mjini Jackson katika jimbo la Mississippi, James Hardy alimpandikiza pafu mgonjwa wa saratani. Pafu lilifanya kazi, lakini figo za mgonjwa zilishindwa na akafariki baada ya siku 18. Majaribio yaliyofuata duniani yalishindwa kwa miaka ishirini. Mgonjwa wa Fritz Derom huko Ghent, Ubelgiji, aliyepandikizwa mwaka 1968, aliishi miezi kumi, na hiyo ilihesabiwa kuwa habari njema. Wengi walikufa kwa sababu pale bomba la hewa liliposhonwa palifumuka: damu haifiki vizuri mahali hapo, na steroidi, dawa za kutuliza kinga walizopewa ili pafu lisikataliwe, zilikuwa zinazuia kidonda kupona. Dawa ya kumwokoa mgonjwa ndiyo iliyokuwa inamfungua mshono. Joel Cooper na wenzake wa Toronto walipunguza steroidi, wakatumia siklosporini, wakauzungushia mshono utando wa mafuta kutoka tumboni ili uupelekee damu. Novemba 1983 walimpandikiza Tom Hall pafu moja, naye akaishi zaidi ya miaka sita. Mapafu mawili kwa pamoja yalifanikiwa kwao mwaka 1986.

Babu yangu alifanya kazi katika idara ya brashi ya kiwanda cha mkonge upande wa Muheza, mahali ambapo vumbi la nyuzi lilikuwa zito kiasi kwamba, kwa maneno yake, mtu alimtambua mwenzake kwa kikohozi. Alifariki mwaka uleule ambao watu wa Toronto walifanikiwa. Simaanishi kwamba wangemsaidia. Hata leo hakuna hospitali nchini inayopandikiza mapafu, na barakoa ingemfaa zaidi kuliko Cooper. Namtaja kwa sababu mashangazi haohao, ambao ni binti zake, walimwona akihangaika kutafuta pumzi, na wanajua kiungo kilichochoka kinamfanya mtu aishi vipi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hofu hii haikuzuka hivi hivi. Pwani yetu ililelewa na hadithi za mumiani wanaonyonya damu, na hadithi hizo zilinoga wakati wa wakoloni, ambao kweli walichukua vya watu bila kuomba. Mgonjwa wa Hardy alikuwa mfungwa wa maisha, na ni halali kuuliza ridhaa ya mfungwa ina uzito gani. Christiaan Barnard alipompandikiza moyo Louis Washkansky huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, dunia ilishangilia, na mgonjwa akafariki baada ya siku 18 kwa nimonia. Wa pili, Philip Blaiberg, Januari 1968, alipewa moyo wa Clive Haupt, kijana aliyeitwa Chotara katika sheria za makaburu. Moyo wake uliruhusiwa kuishi ndani ya kifua cha Mzungu kwa muda wa miezi 19, katika nchi ambayo mwenyewe asingeruhusiwa kuketi naye benchi moja. Biashara ya figo nayo ipo, na ndiyo iliyowakutanisha wataalamu Istanbul mwaka 2008 kutoa tamko la kuilaani. Lakini biashara hiyo haitumii kitambaa chenye dawa. Inatumia dalali, fedha, deni la maskini na daktari asiye na haya, na maskini huyo hupimwa kwanza kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupimwa maishani mwake. Anayetaka kuwalinda vijana wa Ngamiani awaambie habari za dalali, aachane na gari jeusi.

Uvumi, kwa kweli, haubagui wasomi. Hamilton Naki, Mwafrika aliyefundisha wapasuaji kwa kutumia wanyama katika maabara ya Cape Town, alipofariki mwaka 2005, magazeti makubwa ya Ulaya na Marekani yaliandika kwamba alishiriki katika upasuaji wa Washkansky, kisha yakalazimika kusahihisha. Hayo yana wahariri. Kundi letu lina mashangazi.

Kuna wanaosema kwamba mwenye figo moja ni nusu mtu. Ronald Herrick alitoa yake mwaka 1954, akawa mwalimu wa hesabu, na akafariki Desemba 2010 akiwa na miaka 79. Hatari ipo, kama ilivyo katika upasuaji wowote, na ndiyo maana mtoaji huchunguzwa hadi achoke, wengi hukataliwa. Figo inayobaki hutanuka kidogo na kubeba kazi ya mwenzake.

Upandikizaji wa figo ulianza Muhimbili Novemba 2017 kwa msaada wa madaktari kutoka India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani. Safari ya Chennai au Delhi si lazima tena. Kinacholazimika ni ndugu, kwa sababu hapa nchini figo hutoka kwa ndugu aliye hai, na hapo ndipo ile sauti ya pumzi nzito inapoua mtu. Mjomba hawezi kupata figo dukani. Ataipata kwa mtu wa kundi lile la WhatsApp, au hataipata.

Wengine wanajificha nyuma ya dini, na hapo pia ningeomba wasome kabla ya kurekodi. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, la wanazuoni wa sheria ya dini, lilikubali kifo cha ubongo, yaani kwamba mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa amekwisha kufa, lilipokutana Amman mwaka 1986, na lilipokutana Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kutoa viungo kwa masharti yaliyo wazi, kutoka kwa aliye hai na kwa aliyekufa. Maiti mmoja anaweza kuacha figo mbili, ini, moyo, mapafu na konea za macho, na mzigo huu ukawashuka walio hai. Mazungumzo hayo hapa kwetu hayajaanza hata misikitini, ambako kuna masheikh wanaoyajua maazimio hayo vizuri kuliko mimi. Ningependa darsa moja tu baada ya alasiri, pale Barabara ya 12 au popote, isome azimio la Jeddah kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu inayokataza kiungo kuuzwa, na mashangazi zangu wawekewe viti vya mbele.