Si mkono wako, ni sindano yako

Mtu akishona kwa mkono, mshono ukapinda, uzi ukajifunga mafundo na kidole kikatoka damu, hujilaumu mwenyewe. Husema mikono yake mizito, au kazi hii inataka watu wenye subira. Mara nyingi si kweli. Tazama alichoshika: sindano nene kuliko kitambaa, uzi wa mita nzima, mkasi uliokwisha kukatia karatasi na selotepu, na kidole kitupu kinachosukuma chuma. Mpe fundi bingwa vifaa hivyo hivyo, naye atahangaika.

Kwangu mimi kila kifaa cha kushonea kwa mkono hujibu swali moja: je, kinauwezesha uzi kupita kitambaani bila kusuguliwa sana? Kisichosaidia hapo ni pambo la boksi la ushoni, hata kiwe kizuri vipi.

Fanya hesabu uone. Chukua uzi wa sentimita 45, yaani kama kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko. Ukishona kwa kurudi nyuma, yaani kila hatua sindano inarudi nyuma juu ya kitambaa kisha inatokea mbele kwa chini, hatua za milimita 3, kila hatua inakula karibu sentimita moja ya uzi: milimita 3 upande wa juu, milimita 6 upande wa chini, na kidogo kinachomezwa na unene wa kitambaa. Ukitoa uzi wa fundo na ule wa kufungia mwisho, unabaki na hatua 35 hivi. Katika kila hatua uzi hupenya kitambaa mara mbili, kushuka na kupanda. Basi sehemu ya uzi iliyo karibu na tundu la sindano imesuguliwa mara 70 kabla hujamaliza. Ukikata uzi wa mita moja ili usitunge tena na tena, sehemu hiyo hiyo inasuguliwa karibu mara 180. Ndiyo maana uzi mrefu huota manyoya, hukonda, kisha hukatika pale pale karibu na sindano. Sentimita 45 zinatosha, 50 ukipenda. Na kila baada ya hatua kumi hivi isogeze sindano kidogo kwenye uzi, ili tundu lisikae likila sehemu moja.

Sasa sindano yenyewe. Namba za sindano za mkono huenda kinyume na za cherehani: kwenye cherehani 100 ni nene na 70 ni nyembamba, lakini kwenye sindano za mkono namba ikipanda, sindano inakonda. Kwa pamba ya shati au gauni, namba 9 au 10. Kwa hariri nyepesi na shifoni, 11 au 12. Kwa suruali nzito na dengrizi, teremka hadi 5, hata 3. Kosa la kawaida ni kudhani sindano nyembamba sana ni salama kila mahali. Sindano inatakiwa itoboe tundu la kuupitisha uzi uliokunjika mara mbili pale kwenye jicho lake. Tundu likiwa dogo mno, unavuta kwa nguvu, uzi unakwanguliwa na unakatika. Likiwa kubwa mno, halijifungi tena, na mshono unabaki na vidoti vinavyoonekana hata ukipiga pasi.

Namba si kila kitu, maumbo nayo yana kazi zake. Sindano fupi zinafaa hatua ndogo za haraka, hasa kwenye matandiko yenye tabaka nyingi. Ndefu sana ni za bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia kitambaa, kwa sababu unaweza kuokota hatua tano au sita kabla ya kuvuta. Zenye jicho refu za kutarizia ni rahisi kutunga uzi, na mwenye macho yaliyochoka anaweza kuzitumia kwa kazi za kawaida bila hasara yoyote. Kwa kitambaa kinachovutika, cha fulana kwa mfano, tafuta ncha ya mviringo. Ncha kali hukata nyuzi za kitambaa chenyewe, na baada ya kufua mara chache vitundu huanza kufumuka kando ya mshono. Pakiti mchanganyiko zenye kila aina ndani siziungi mkono. Unapata sindano mbili unazozihitaji na kumi za kukaa tu. Nunua pakiti moja ya namba 9 nzuri, jua inavyofanya kazi, kisha ongeza.

Sindano huchoka. Mipako yake ya nje hulika, hasa kwa mikono yenye jasho, ikaanza kuwa nyeusi na kukwama. Ipitishe ncha taratibu juu ya ukucha: ikiteleza ni nzima, ikikwaruza ina kijino. Kijimto cha pini kilichojazwa unga wa msasa huondoa kutu na kijino kidogo, choma na uchomoe mara tano au sita. Kijimto kilichojazwa pamba ya kisasa ya plastiki kinazishika sindano tu, hakizisafishi. Na sindano iliyopinda itupe. Haitaki kunyooka tena, na mshono unaifuata ilivyopinda.

Kutunga uzi ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na dawa yake iko kwenye mkasi. Kata uzi kwa mshazari, kwa mkasi mkali, si kwa meno. Ubane kati ya dole gumba na kidole cha shahada mpaka ibaki milimita moja tu inayochungulia, kisha ulete jicho la sindano kwenye uzi badala ya kuulenga uzi kwenye jicho. Ukikataa, igeuze sindano: jicho lina upande mmoja uliofunguka vizuri zaidi kuliko wa pili. Mate huuvimbisha uzi wa pamba, bora ulowanishe jicho lenyewe kidogo. Kile kidude cha waya mwembamba wa kutungia kinafaa, lakini usikilazimishe kwenye sindano ya namba 11 au 12. Waya hung'oka kwenye kishikio chake mara moja. Zipo pia sindano zenye mpasuko juu ya jicho, unabonyeza uzi unaingia. Ni msaada mkubwa kwa asiyeona vizuri, na zinafaa sana kuficha ncha fupi ya uzi iliyobaki. Kwa mshono mrefu hapana, kingo za ule mpasuko huuchana uzi.

Kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa kuliko vyote ni nta ya nyuki. Pitisha uzi juu ya kipande cha nta mara mbili, ukiubonyeza kwa dole gumba. Hapo wengi huishia, na wanakosea. Uweke uzi huo kati ya karatasi mbili safi, pitisha pasi ya moto juu yake, kama sekunde moja. Nta inayeyuka na kuingia ndani ya uzi, badala ya kukaa nje kama magamba yanayoangukia nguo na kushika vumbi. Uzi uliofanyiwa hivyo hausokoteki ovyo, manyoya yake yamelala, na fundo lake halifunguki. Utumie kwa vifungo, pindo la nguo nzito, mikoba. Usiutumie kwenye hariri nyepesi wala kitambaa cheupe chembamba, kwa kuwa joto la pasi baadaye linaweza kuitoa nta ikaacha doa. Na mshumaa wa parafini si mbadala: ni mkavu, unavunjika vipande vipande na kubaki juu ya kitambaa.

Uzi ukisokoteka hata baada ya nta, tatizo liko vidoleni. Kila hatua mkono huizungusha sindano kidogo, na mzunguko unajilimbikiza. Iache sindano ining'inie kila baada ya hatua chache, itajizungusha yenyewe mpaka uzi utulie.

Kastabini, wengine huiita subana, ile kofia ya kidole ya kusukumia sindano, ndiyo kifaa ninachokitetea kwa nguvu zote, kwa sababu ndicho kinachoachwa haraka kuliko vyote. Mtu huivaa dakika kumi, anaiona ngeni, anaivua, kisha anasukuma sindano kwa nyama ya kidole mpaka kidole kitoboke. Kwanza ni kipimo. Inavaliwa kidole cha kati cha mkono unaoshonea. Ukiutikisa mkono kuelekea chini isidondoke, na ukikaa nayo nusu saa ncha ya kidole isibadilike rangi. Vidole huvimba kidogo kukiwa na joto, basi ijaribu mchana. Pili ni vishimo vyake: viwe na kina cha kushika kitako cha sindano. Vile vya urembo, vilivyochorwa tu juu juu, huiachia sindano ikateleza na kuingia chini ya ukucha.

Tatu ni namna ya kusukuma. Shika sindano kati ya dole gumba na cha shahada, kunja kidole cha kati mpaka kitako cha sindano kiegemee ubavu wa kastabini, si ncha yake. Kisha nyoosha kidole taratibu. Nguvu inatoka kwenye kiungo, mkono wote unabaki umetulia. Ukisukuma kwa ncha, kiganja kinainuka na sindano inapinda. Kwa njia hii, kastabini ya mafundi iliyo wazi juu ni nzuri mno, ukucha unapumua na ncha ya kidole bado inaonja kitambaa. Ya ngozi ni laini na rafiki kwa anayechukia chuma, ila kitako cha sindano hatimaye huitoboa. Mpe kidole siku tatu za kazi fupi fupi. Baada ya hapo kushona bila kastabini kutakuwa ndiko kugeni.

Sindano ikigoma kutoka upande wa pili, usiivute kwa meno. Kipande cha puto au kidole kilichokatwa cha glavu ya mpira kinaishika barabara.

Mkasi uwe miwili. Mmoja mdogo wa sentimita 10 wenye ncha kali, wa nyuzi tu. Mwingine wa sentimita 20 au zaidi, wa kitambaa tu. Jaribu ule mkubwa kwa kukata kitambaa chembamba mpaka mwisho wa ncha: ukitafuna pale mwisho, unahitaji kunolewa, au ulianguka na makali hayakutani tena.

Kwenye kuchora alama, chaki ya fundi au kipande kikavu cha sabuni nyeupe kwenye kitambaa cheusi havijanipa sababu ya kutafuta kingine. Kalamu za wino unaofutika kwa joto zinavutia, ila wino huo unaweza kurudi nguo ikipatwa na baridi kali. Ule unaofutika kwa maji unaweza kunasa kabisa ukiupigia pasi kabla ya kuuosha.

Pini nazo, kwa kazi ya mkono, nazipunguza. Uzi unanasa kwenye kila kichwa cha pini, na unapoteza muda kuunasua kuliko kushona. Bandi ni bora: uzi mwembamba wa pamba, dhaifu kwa makusudi, hatua za sentimita 2, fundo likae juu lionekane. Ukimaliza mshono wa kudumu, kata bandi kila sentimita 10 na uvute vipande. Ukiivuta yote kwa mkupuo inakunja kitambaa. Kama pini ni lazima, chagua zenye kichwa cha kioo. Za plastiki huyeyuka chini ya pasi.

Na usitupe njiti ya kiberiti iliyokwisha kutumika, ikate kichwa uiweke kwenye boksi. Kifungo cha koti au shati zito kikishonwa kwa kubanwa, upande wa nguo wenye tundu la kufungia haupati pa kukaa, kitambaa kinavutika na uzi unakatika. Laza njiti juu ya kifungo katikati ya matundu, pitisha uzi wenye nta juu yake mara nne kwa kila jozi ya matundu. Chomoa njiti, inua kifungo mpaka nafasi yote ihamie chini, kisha zungushia uzi kwenye shingo, yaani zile nyuzi zilizo kati ya kifungo na kitambaa, mara tano, ukikaza kila mzunguko. Toboa shingo mara mbili kwa sindano, funga fundo upande wa ndani, na ukate uzi ukibakiza milimita 3.