Jiji la Wapangaji, Ruzuku ya Wanunuzi

Jirani yangu wa orofa ya chini anauza omena na samaki wa kukaanga karibu na steji, hapa Pipeline, Nairobi. Jioni moja alinipa simu yake nimsaidie kujisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya kuombea nyumba za bei nafuu, maana mimi ndiye mwalimu wa ploti na watu huamini kwamba mwalimu hashindwi na fomu. Tulikaa kwenye ngazi, kwake tokeni za stima zilikuwa zimeisha. Jina, namba ya kitambulisho, kaunti, mapato. Tulipofika mahali pa kuchagua aina ya nyumba na kuanza kuweka amana, akanishika mkono.

"Mwalimu, hebu ngoja kwanza. Hakuna za kupanga?"

Nikapandisha ukurasa, nikaushusha. Nikamwambia kuna ya kulipa polepole, miaka mingi, mpaka iwe yake.

"Mimi kwetu ni Homa Bay. Nyumba yangu iko huko, ya mabati lakini ni yangu. Hapa natafuta mahali pa kulala na maji."

Nimelifikiria swali lile kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu nyumba za bei nafuu.

Tumebishana juu ya nyumba hizi tangu katikati ya 2023, na ukitega sikio vizuri utasikia kwamba ubishi wenyewe ni wa mshahara. Mswada wa Fedha wa mwaka ule uliingia Bungeni ukitaka, kwa ajili ya nyumba hizi, asilimia 3 ya mshahara ambayo mfanyakazi angekuja kurudishiwa, ukatoka ukiwa na asilimia 1.5 isiyorudi, na mwajiri aongeze nyingine kama hiyo. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikalipiga kato hilo teke, sababu mojawapo ikiwa kwamba lilimbana mwenye ajira rasmi na kumwacha mwingine. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuruhusu liendelee. Machi 19 Rais William Ruto akatia saini sheria mpya iliyoziba tundu lile kwa kumwingiza kila mwenye mapato, kwa hiyo hata muuza omena sasa anadaiwa asilimia 1.5 yake, ingawa sijui ni afisa gani wa KRA, mamlaka ya kodi, atakayekuja kuhesabu sufuria pale steji. Oktoba mwaka uo huo Mahakama Kuu ikasema sheria hii ni halali. Na tusisahau kwamba Uhuru Kenyatta naye alijaribu kato la namna hii 2018, likakwama kortini.

Mimi si wa kundi la "rudisha pesa yangu". Katika chumba chetu cha walimu mimi ndiye msaliti. Wenzangu huuliza kwa nini wamjengee mtu wasiyemjua, nami huwauliza ni nani aliyewajengea shule waliyosomea. Kodi ndivyo ilivyo, unalipia daraja usilolivuka. Tena ruzuku ya nyumba haikuanza na maskini. Mwenye mkopo wa nyumba benki huruhusiwa kutoa riba anayolipa kwenye mapato yake kabla ya kutozwa kodi, hadi shilingi 300,000 kwa mwaka, na tangu mwisho wa 2024 kiwango kimepanda hadi 360,000. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni nafuu ya hadi shilingi 108,000 kila mwaka, yaani 9,000 kwa mwezi. Mikopo ya namna hiyo nchi nzima ni kama 30,000 tu. Sijawahi kuona maandamano juu yake, wala mtu akiwaita wenye nayo wavivu wanaongoja vya bure.

Basi nakatwa, na nimepiga hesabu ya kato langu. Napata 45,000. Nakatwa 675, shule inaongeza 675, jumla 1,350 kwa mwezi, 16,200 kwa mwaka. Chumba kimoja kidogo kabisa katika nyumba hizi kule Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kwenye eneo la idara ya hali ya hewa, kiliwekwa bei ya shilingi 640,000. Ina maana tunahitajika walimu arobaini kama mimi, tuchange mwaka mzima, ndipo chumba kimoja kipatikane. Arobaini tunachanga, mmoja anapewa ufunguo.

Hilo haliniudhi. Harambee zote ndivyo zilivyo. Linaloniudhi ni kinachofuata: yule mmoja akishamaliza kulipa, chumba kinatoka mikononi mwetu sote moja kwa moja. Pesa yake inarudi kwenye mfuko polepole, kwa miongo, huku bei ya saruji na vyuma ikikimbia mbele. Mpangaji atakayeshuka basi kutoka Kitui au Siaya mwaka 2050 atakuta ploti zile zile za Pipeline, na arobaini wengine watatakiwa waanze kuchanga upya.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Nairobi, katika kila kaya kumi, karibu tisa hukaa nyumba za kupanga. Wengi wao si kwamba wameshindwa kununua. Wana kwao. Mtu anajenga mashambani tofali kwa tofali, huku mjini anatafuta keja iliyo karibu na kazi, anayoweza kuihama kazi ikihama. Mjengo ukiisha Kilimani anaenda Syokimau. Mtoto akifika sekondari anahamia karibu na shule. Mtu wa namna hiyo ukimwambia ajifunge miaka thelathini mahali pamoja, umemjibu swali ambalo hakuuliza.

Na hata anayetaka kununua, kuna amana. Sheria ya 2024 ilimtaka mwombaji awe na asilimia 10 ya bei. Kwa chumba kile cha 640,000 hiyo ni 64,000 taslimu. Ikate nusu, ni 32,000. Jirani yangu siku nzuri hubaki na mia sita baada ya kulipia samaki, mafuta, makaa na askari wa kanjo. Siku nzuri haziko saba kwa wiki. Akiweza kukusanya 32,000, kuna karo inayoiona kabla ya Boma Yangu.

Mei 2025 Rais alipokabidhi nyumba 1,080 za kwanza pale Mukuru, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi, na bado nafurahi. Malipo yaliyotangazwa kwa chumba kidogo yalikuwa takriban shilingi 3,900 kwa mwezi. Hapa kwetu chumba kisicho na dirisha la maana, choo cha kushiriki na mlango wa tatu, hakipungui hiyo. Kwa hiyo anayesema nyumba zile ni za mabwanyenye hajaenda kuziona. Nilienda. Kuta zimenyooka, jua linaingia, bomba lina maji. Nyumba njema si mlango, na hizi hata ukiingia ndani ni njema. Ndiyo maana nauliza zitakuwa za nani.

Tumeshaiona njia hii ikiishia wapi. Kibera, Soweto Mashariki, serikali pamoja na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, walianza mradi wa kuwahamisha watu kwenye vibanda. Mwaka 2009 familia zikapelekwa kwenye magorofa ya muda Lang'ata, na 2016 nyumba 822 zilizojengwa pale pale Soweto zikakabidhiwa wenyewe. Leo zunguka pale uulize. Si wachache waliopewa ufunguo wakapangisha vyumba, wengine nyumba nzima, kwa watu wenye kipato kizuri zaidi, wao wakarudi kibandani na tofauti ya pesa mfukoni. Watu huwacheka na kusema wamezoea matope. Mimi nasema walipiga hesabu kama mtu yeyote mwenye akili. Ukimpa mwenye njaa mali inayoingiza pesa kila mwezi, utamlaumu kwa kuila? Sheria ya sasa inakataza kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya nyumba hizi. Kuuza, sawa. Lakini kupangisha chini kwa chini, kwa karatasi ya daftari na M-Pesa, ni nani atakayejua? Keateka, msimamizi wa jengo? Keateka ndiye atakayekuletea mpangaji.

Wanasiasa wetu hupenda kuitaja Singapore, ambako karibu watu wanane kati ya kumi hukaa nyumba zilizojengwa na serikali. Husahau kusema kwamba kule makato ya mfanyakazi huingia kwenye akaunti yenye jina lake, na ndiyo anayonunulia nyumba. Kato letu halina jina la mtu. Nchi ambayo ningependa waitembelee, kwa kuwa wanapenda ndege, ni Austria: jiji la Vienna lina nyumba zake lenyewe zaidi ya 200,000, na hupangisha. Aliyemo akihama, anaingia mwingine. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo ningelitaka hapa: tujenge, zibaki zetu, tuzipangishe.

Najua jibu la haraka: serikali yetu ni mwenye nyumba mbaya. Ni kweli, na ushahidi uko Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi. Nenda Kaloleni, iliyojengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe na miti mikubwa katikati, mtaa ambao mchoraji wake alijua watoto watacheza wapi. Ni ya kupanga, mali ya jiji. Mabomba yamechoka, majitaka yanapasuka, kodi ni ndogo kiasi kwamba haiwezi kununua hata rangi, na ufunguo hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana kama urithi wa ng'ombe. Wengine humpangishia mtu wa tatu kwa bei ya soko na kulipa jiji ile ile ya zamani. Siwezi kuwatetea. Lakini mtaa ule umewapa watu makao kwa karibu miaka themanini, na ardhi bado ni ya umma. Mtaa uliouzwa tungekuwa tunaudai kwa nani?

Tena kodi ndogo mno si lazima. Toza 3,900, au 4,500, na sehemu ya kodi hiyo ikae kwenye akaunti ya kuziba mabomba ya jengo lile lile, wapangaji wakiisoma taarifa ya akaunti ukutani kila mwezi. Wapangaji wa Nairobi wana macho. Sisi hapa tunajua hadi keateka alinunua balbu ngapi.

Jambo la pili ambalo ningelitaka kwenye 675 yangu ni bomba. Ndiyo, bomba tu. Mwaka 1975 Benki ya Dunia na serikali walianzisha mtaa wa Dandora, Nairobi: ploti 6,000 zilizopimwa, kila moja na maji, mfereji wa majitaka, choo na bafu, kisha mwenyewe ajenge vyumba kadiri ya mfuko wake. Wengi walijenga vyumba viwili wakalala kimoja, cha pili wakapangisha, kodi ikajenga cha tatu. Dandora ya leo ina shida zake na sitaki kuipamba, jaa la taka lipo hapo na harufu yake. Lakini maelfu ya vyumba vya kupanga vilipatikana bila serikali kujenga ukuta wote, kwa kuwa ilifanya sehemu ambayo mtu binafsi hawezi kuifanya.

Pipeline ni kinyume chake. Hapa watu binafsi wameweka magorofa saba, manane, bila senti ya ruzuku, na ukiyahesabu wamehifadhi watu wengi kuliko mradi wowote wa serikali. Lakini hakuna aliyechimba mfereji kwanza. Majitaka hutoka barabarani, maji huja siku mbili kwa wiki, na siku hizo ngazi hujaa jerikeni kuanzia saa tisa za usiku. Mtu wa orofa ya saba hupandisha lita ishirini kila mkono. Asiyeweza humlipa kijana, na hiyo ndiyo kodi nyingine isiyo kwenye risiti. Mukuru wamelipitia hili vibaya zaidi. Eneo lile lilipotangazwa la mpango maalum 2017, Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wataalam waliozungukia nyumba walikuta maskini wakilipia mtungi wa maji kwa bei kubwa kuliko tajiri anavyolipia bombani. Mabomba na barabara zilizofuata miaka michache baadaye ziliwafikia wapangaji wote bila kujisajili, bila amana, bila bahati nasibu.

Hapo ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Wapinzani wa kato wanataka 675 irudi kwangu, na najua nikiipata itaishia kwenye nauli. Serikali inataka kuhesabu funguo, kwa sababu ufunguo hupigwa picha. Mfereji wa majitaka haupigwi picha. Hata neno lenyewe, bei nafuu: nafuu ni ya mgonjwa aliyeanza kuketi kitandani, na mimi sioni ni kwa nini wagonjwa kumi waje, mmoja atibiwe mpaka apone, na tisa waambiwe wajisajili.

Fomu ya jirani yangu hatukuimaliza. Wiki chache baadaye alikuwa na mzigo wa kuchukua upande ule, akapitia Mukuru kuziona kwa macho yake. Alisimama getini akamuuliza askari swali lile lile aliloniuliza mimi. Askari akamwambia, "Mama, hizi ni za kununua. Lakini niachie namba. Kuna mmoja amepata, anatafuta mtu."

Aliacha namba. Bado hajapigiwa.