Mchungwa Mgonjwa, Dawa ya Magugu na Jembe Lisiloshtakiwa

Huku Ukerewe, mchungwa ukigeuka njano baada ya shamba kupuliziwa dawa ya magugu, kesi imeshaamuliwa: dawa imeua. Jembe lililopita hapo msimu uliotangulia haliulizwi chochote.

Wanaoikataa dawa si wajinga. Glaifosati, iliyomo kwenye nyingi tunazouziwa madukani, huingia kwenye mmea kupitia sehemu za kijani na kushuka hadi mizizini. Haichagui. Gome gumu la kahawia huizuia, lakini mche mchanga, tawi lililolalia nyasi na maotea ya shinani vyote huipokea.

Ila kuna jambo linalonirudisha upande wa wapulizaji. Huko Florida, Marekani, ambako ugonjwa wa machungwa kubaki kijani ulibainika kuingia mwaka 2005, watafiti walikuta miti iliyoambukizwa imepoteza asilimia 30 hadi 50 ya mizizi midogo, mingine ikiwa bado majani yake hayajaonyesha dalili kubwa. Hebu lipime hilo. Mti unaousifia leo huenda umeshapoteza theluthi ya midomo yake. Ukipulizia Jumatatu, majani yakageuka wiki mbili baadaye, ulichoona ni mfuatano tu. Na mizizi hiyo iliyobaki iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 60 za kwanza, palepale jembe la palizi linapopita. Kila pigo karibu na shina linakata mizizi ambayo mti hauna ya akiba, na jeraha linafungulia njia vimelea vya kuoza mizizi. Hilo tunaliita kutunza shamba!

Kutofautisha inawezekana. Chuma jani ulikunje kwenye mshipa wa kati: madoa ya njano ya upande mmoja yasipolingana na ya upande wa pili, na matunda yakawa madogo, yamepinda, machungu, shuku ugonjwa kwanza. Dawa ikigusa mti, machipukizi mapya hutoka membamba, yaliyojikunja.

Suala la saratani, ambapo mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifosati kwenye kundi la “yaelekea inasababisha”, linamhusu zaidi anayebeba bomba mgongoni bila glavu. Nalo Ziwa Victoria linalotuzunguka lina sheria yake ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kuliharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kwa hiyo miche isipuliziwe kabisa. Kwa miti mikubwa, ng'oa maotea kwa mkono, pogoa matawi ya chini, pulizia asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, na karibu na shina fyeka tu. Halafu angalia maji. Tope huishika glaifosati na kuidhoofisha. Mtu anachota kwenye lambo, magugu hayafi, anaongeza kipimo, anarudia, na ukungu wa dawa unafika kwenye majani ya mchungwa kwa wingi ambao lebo haikuuruhusu.