Waliolalamika Marekani walitutetea sisi wa Mwanjelwa

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu wa miaka kumi kwenye banda la gemu pale Mwanjelwa, hapa Mbeya. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza, watoto wamebanana kwenye mabenchi na makoti yao, wanapuliza mikono kabla ya kushika pedi. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anasoma kwenye simu jinsi wachezaji wa Marekani na Ulaya walivyoikasirikia kampuni ya Nintendo kwa sababu ya mashine yao ya gemu, Switch 2: bei ya gemu, masharti ya mkataba, kadi zisizo na gemu ndani. Akaizima simu akasema, "Hawa wameshiba. Waje wakae huku wiki moja tu." Banda zima likaitikia. Mwenye banda naye akaitikia, na hapo ndipo roho iliponiuma, maana yeye kuliko wote pale anakula kila siku kutokana na kelele za watu kama hao.

Naomba mnisikilize.

Mei 2013 Microsoft walitangaza mashine yao ya gemu, Xbox One. Kwa mpango wao wa mwanzo, mashine ilitakiwa ipate intaneti angalau mara moja kila saa 24, la sivyo gemu zisichezeke, hata ile uliyoinunua kwa CD ukailipia yote. Ukienda kuchezea gemu zako kwenye mashine ya mwenzako, saa 24 zinageuka kuwa saa moja. Kumpa rafiki gemu yako iliruhusiwa, ila rafiki huyo awe amekaa kwenye orodha yako ya marafiki siku 30, na gemu yenyewe itolewe mara moja tu. Don Mattrick, aliyekuwa mkuu wa kitengo hicho, aliulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya uhakika. Akajibu kwamba kwa watu hao ipo mashine nyingine, Xbox 360. Yaani mashine ya mwaka 2005.

Huyo mtu asiye na intaneti ya uhakika ni nani, kama si mimi na wewe? Mvua za Machi zikipiga, radi ikigusa mnara, kuna vijiji vya Rungwe vinakaa siku mbili bila mtandao. Umeme ukikatika jioni Uyole hujui utarudi saa ngapi. Mashine inayodai kusalimia makao makuu yake kila siku ndipo ikufungulie mali yako, hapa ingekuwa pambo la sebuleni.

Wachezaji wa kule walikataa. Walipiga kelele mpaka Sony, wapinzani wa Microsoft, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 ya mwaka huo, wakatoa video fupi ya kufundisha jinsi ya kumwazima mtu gemu ya mashine yao, PS4: mmoja anashika kasha, anamkabidhi mwenzake, imekwisha. Tarehe 19 Juni 2013, hata mwezi haujatimia tangu watangaze, Microsoft wakarudi nyuma, masharti yakafutwa.

Sasa tazameni rafu ya mwenye banda wetu. PS4 zake tatu zote ni mtumba. CD zake 23, nilizihesabu mwenyewe, zote zilishachezwa na mtu mwingine katika nchi nyingine kabla hazijapakiwa kwenye begi la ndugu au sanduku la mfanyabiashara. Kama yale masharti yangepita mwaka 2013, na wengine wote wakayaiga, karibu kila CD ingekuwa imefungwa kwenye jina la mwenyewe wa kule. Zingefika Mbeya zikiwa vipande vya plastiki. Hakuna banda. Hakuna mechi ya shilingi mia tano. Mtoto wa fundi cherehani asingeijua kabisa pedi ya PS4, maana nyumbani kwao haitanunuliwa.

Nimekulia Tukuyu, na hili silisemi kwa kuhadithiwa. Tulikuwa na PS1 moja nyumbani, ya kaka yangu, na CD mbili tu. Binamu yetu alikuwa Kyela, naye alikuwa na CD moja ya mbio za magari. Tukikaribia likizo tulikuwa tunabadilishana. Yetu inazungushiwa karatasi za daftari, anakabidhiwa konda wa Kosta, inashuka Kyela. Ya binamu inapanda na konda yuleyule, na shangazi hakuacha kuweka mchele juu yake, ndiyo maana kwangu mimi harufu ya mchele wa Kyela mpaka leo ni harufu ya likizo. CD ile ilipita mikononi mwa watoto wasiopungua kumi na wawili. Hakuna aliyeulizwa amekuwa rafiki kwa siku ngapi. Nusu ya watoto wale wasingecheza kitu chochote utotoni kama kuazimana kungehitaji kibali cha kampuni.

Ndiyo maana lililomkuta mwenye banda mwaka jana bado linanikera. Shemeji yake aliye nje alimletea mashine mpya, nzuri, nyeupe. Kaka wa watu akaita watu, tukaenda kushuhudia. Kufungua boksi, haina tundu la kuingizia CD. Gemu zote zinashushwa kwa intaneti. Alisimama ameshika CD ya mpira mkononi, anaigeuza mashine upande huu na upande ule akitafuta pa kuichomeka, na mimi nilishindwa kumtazama usoni. Gemu moja ilitaka GB zaidi ya 40. Alinunua bando, ikafika theluthi, bando likaisha. Akanunua lingine, umeme ukakatika. Wiki ya pili akaiuza kwa hasara kwa mtu wa Tunduma.

Na njia hiyo inazidi kupanuliwa. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa dola 700 bila tundu la CD. Tundu unalinunua pembeni, na siku ya kulifunga lazima uwe na intaneti ndipo mashine ilitambue. Switch 2 ilipotoka tarehe 5 Juni 2025, gemu zake kadhaa zilikuja kwenye kadi ambayo ndani haina gemu, ina ufunguo tu. Unanunua kadi dukani, kisha unashusha gemu yote, na kila ukitaka kucheza kadi iwe imechomekwa. Nakubali, shingo upande, kwamba kadi hiyo angalau unaweza kumuuzia mtu au kumwazima. Lakini siku mitambo ya kushushia itakapozimwa, mtoto wa Makambako atakayeipata kama mtumba atapata ufunguo wa nyumba iliyobomolewa. Mkataba wa Nintendo wa Marekani uliobadilishwa Mei 2025 unawapa hata haki ya kuiua mashine yako wakiona umeichokonoa kinyume cha masharti. Bei ya dola 80 kwa gemu moja siitetei wala siijadili, kwetu hata nusu yake haiguswi.

Najua mtaniambia kuhusu wizi. Ni kweli. PS2 zetu zilichipuliwa, yaani zilifungwa chipu ili zikubali nakala, CD tulizochezea zilikuwa za kuchoma, na waliotengeneza gemu zile hawakuona hata senti yetu. Sina utetezi. Ila PlayStation Network, mtandao wa Sony wa kununulia na kuchezea gemu, haijafunguliwa Tanzania hadi leo, na kijana mwenye pesa yake halali analazimika kuandika kwamba anaishi Uingereza ili afungue akaunti, kisha aishi na hofu ya kufungiwa. Mei 2024 Sony walipotaka kila anayecheza Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Tena ni wachezaji, wengi wao wa nchi ambazo hazikuguswa hata kidogo, waliopiga kelele hadi sharti la akaunti likafutwa ndani ya siku chache.

Nilimweleza yote haya yule kijana wa chuo, palepale, sauti imenipanda kuliko ilivyostahili. Akanisikiliza. Akaniuliza, "Sasa sisi tukilalamika nani atatusikia, anko?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba asiwacheke wanaosikika, na siku wakipiga kelele naye aandike, kwa Kiswahili kama ndicho alicho nacho.

Tulipoondoka mwanangu aliomba kuazima CD moja, kwa kuwa nyumbani tuna PS4 ya zamani. Mwenye banda akamchagulia ya mbio za magari, akaifuta kwa shati lake, akamwambia airudishe Jumatano.