Matokeo ya ujifunzaji yakaguliwe kwenye mtihani, si kwenye mtaala

Mtaala wa shahada siku hizi haupiti bila ukurasa unaoanza na maneno "mwishoni mwa programu hii mhitimu ataweza…". Hapo ndipo penye kiini cha elimu inayolenga matokeo. Chuo kinaanza kwa kutamka mhitimu aweze kufanya nini, kisha kinarudi nyuma kupanga mada, ufundishaji na mitihani. Mtaalamu wa elimu William Spady ndiye aliyelitangaza wazo hili Marekani, na mwaka 1996 mtaalamu mwenzake John Biggs akalibana zaidi: matokeo, ufundishaji na upimaji lazima vishikane, kimoja kikilegea mengine hayafanyi kazi.

Kwetu Tanzania liliingia kwa milango miwili. NACTE, baraza la elimu ya ufundi ambalo leo ni NACTVET, ilijenga tuzo zake juu ya umahiri kwa ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, na ndiyo njia waliyoizoea Chuo cha Mipango hapa Dodoma na Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. Kwa upande wa vyuo vikuu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ina mfumo wake wa sifa ambamo shahada ya kwanza iko ngazi ya 8 na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 ni saa 3,600, zikiwemo zile ambazo hakuna mhadhiri anayeziona.

Hoja ya wanaoutetea mfumo huu ina nguvu, na njia nzuri ya kuiona ni kuangalia swali la mtihani. Tuchukue kozi ya maji vijijini, ambayo matokeo yake yanasema mwanafunzi ataweza kupanga uvunaji wa maji ya mvua kwa taasisi ndogo. Mtihani wa mazoea utauliza: "Taja na ueleze faida tano za uvunaji wa maji ya mvua." Jibu liko kwenye madesa, yaani notsi za kukariri, liko pia kwenye pasti pepa za miaka mitatu nyuma. Mwanafunzi anapata A bila kupanga tangi hata moja.

Sasa mpe shule ya Chamwino yenye wanafunzi 400, paa la mita za mraba 300, na mvua za miaka mitatu: milimita 700, 550 na 400. Kila mwanafunzi anahitaji lita 2 za kunywa kwa siku 120 za masomo wakati wa kiangazi. Mahitaji ni lita 96,000. Kwa mvua ya milimita 550, ukichukulia kwamba asilimia 80 ndiyo inayofika kwenye tangi, paa linatoa lita 132,000. Anayeishia hapo ataandika kwamba paa linatosha na chenji inabaki. Anayepiga hesabu ya mwaka wa milimita 400 atapata lita 96,000 kamili, yaani hakuna hata ndoo ya ziada kwa ajili ya maji ya kwanza yanayosafisha paa wala kwa koki inayovuja. Swali hili linawatenga wawili hao. Lile la faida tano haliwezi, na mwajiri wa halmashauri atakuja kuujua ukweli huo mhitimu akiwa tayari yuko mezani kwake.

Wapinzani nao hawatoi hoja za uvivu. Mosi, idadi. Darasa la wanafunzi 400 si ajabu kwenye kozi za pamoja. Ripoti moja ya aina hiyo ikisahihishwa kwa dakika 20, ni dakika 8,000, sawa na saa 133. Kwa siku ya saa nane ni karibu siku 17 za kazi, kwa zoezi moja la kozi moja, na mhadhiri huyo ana kozi nyingine, ana wanafunzi wa utafiti, ana wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wa kukagua. Mzigo wake wa kazi mara nyingi huhesabiwa kwa saa za kusimama darasani, kwa hiyo saa 133 hizo hazipo popote kwenye karatasi. Ndiyo maana maswali ya kuchagua herufi yanashamiri hata pale matokeo yanaposema "kubuni" au "kutathmini". Kumlaumu mhadhiri hapo ni kumwonea.

Pili, kuna elimu isiyokubali kutamkwa mapema. Mwanafunzi wa fasihi au historia anaweza kufika mahali ambapo mwandishi wa mtaala hakupafikiria, na huko ndiko tungependa afike. Ukiyafunga matokeo kwa vitenzi vinavyopimika tu, mhadhiri atafundisha kinachopimika. Hoja hii tunaikubali kwa kiasi: ni kweli kwa sehemu za programu, lakini daktari, mhandisi na mwalimu wana mambo ambayo jamii haina budi kuwadai wayaweze.

Tatu, Afrika Kusini. Huko elimu ya aina hii ilianza shuleni mwaka 1998, na mwaka 2010 serikali ikatangaza kuachana nayo. Walimu walielemewa na makaratasi, maandalizi yao yalikuwa mafupi, shule maskini hazikuwa na vifaa, na maudhui yenyewe yakafifia nyuma ya lugha ya matokeo. Zile zilikuwa shule, si vyuo vikuu, lakini ugonjwa wa makaratasi hauchagui ngazi.

Na kweli umetufikia. Mfano ni jedwali la ulinganifu, lile linaloonyesha kozi ipi inachangia matokeo yapi. Programu yenye kozi 40 na matokeo 10 ina visanduku 400. Kila mhadhiri, akiogopa kozi yake isionekane haina faida, anatia tiki karibu kila mahali. Jedwali linapendeza, wakaguzi wanaridhika, na hakuna mtu anayeweza kusema ni kozi gani hasa itakayomkamata mwanafunzi asiyeweza. Programu zilizofanya vizuri zaidi hutumia alama tatu tofauti: panapoanzishwa, panapokuzwa, panapopimwa. Hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito, nayo haipaswi kuwa kila mahali.

Kosa jingine ni dogo kwa macho lakini linabomoa kila kitu: "Jibu maswali matatu kati ya matano." Ikiwa swali la tangi ni mojawapo ya hayo matano, mwanafunzi ataliruka na kujibu yale ya kueleza. Chuo bado kitaandika kwamba matokeo yamefikiwa kwa sababu wastani wa darasa ni 62. Wastani hausemi nani aliruka nini. Na pale ambapo hakuna sharti la kufaulu kila sehemu, alama 28 kati ya 40 za kazi za muhula, nyingi zikiwa za vikundi, pamoja na 12 kati ya 60 za mtihani, zinampa mtu 40. Amefaulu, hana sapu (mtihani wa marudio), wala hadisko (haondolewi chuoni).

Kwa hiyo tatizo letu haliko kwenye wazo, liko mahali ambapo uthibiti ubora unatazama. Kinachokaguliwa sana ni kile kilicho rahisi kukusanya: mtaala uliopigwa muhuri, muhtasari wa kozi, mahudhurio ya kikao cha wadau, fomu za wanafunzi za kumtathmini mhadhiri. Mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu Afrika Mashariki, lenye makao Kampala, unataka programu ijitathmini yenyewe kwanza, kisha waje wenzao wa nje. Utaratibu ni mzuri. Lakini ripoti ya kujitathmini inaweza kuandikwa ofisini kwa wiki moja bila mtu kufungua kijitabu hata kimoja cha majibu.

Tungeanza kwa kupunguza. Matokeo sita hadi manane kwa programu yanatosha, na kila moja lipimwe kwenye kozi mbili tu, za mwaka wa pili na wa mwisho. Hapo una vituo visivyozidi 16 badala ya visanduku 400, na kozi zilizobaki zinapumua, za fasihi zikiwemo. Kwenye vituo hivyo swali la matokeo liwe la lazima, likiwa na alama zake peke yake kwenye orodha ya matokeo ya mtihani. Kikao cha kupitisha mitihani, ambacho mara nyingi huishia kurekebisha tahajia na kuhakikisha alama zinajumlika 60, kiulizwe swali moja: je, mtu aliyekariri tu anaweza kulifaulu hili?

Kisha mtahini wa nje apewe vijitabu kumi vilivyochaguliwa kwa kura. Mazoea ya kumwekea vya juu vitatu, vya kati vitatu na vya chini vitatu, vikiwa vimeteuliwa na mwenye kozi, yanamwonyesha kama usahihishaji ni wa haki. Hayamwonyeshi darasa likoje.

Suala la idadi haliondoki kwa mbinu hizi, ila linapungua. Wanafunzi 400 kwenye vikundi vya kumi ni ripoti 40, saa 13 na kitu za kusahihisha. Kwa kila kikundi mtu mmoja anavutwa kwa kura na kuulizwa kwa dakika tano atetee hesabu, jumla dakika 200. Kwa kuwa hakuna anayejua nani ataitwa, wale wanaopachikwa jina kwenye jalada la ripoti wanalazimika kusoma. Haimpimi kila mmoja, ndiyo maana swali la lazima kwenye mtihani linabaki.

Kozi za kitabibu na maabara haziwezi hata kujiegemeza kwenye hila hiyo, kila mwanafunzi lazima aonekane akifanya. Huko ni ama kuajiri wahadhiri wasaidizi wa kutosha au kupunguza udahili, na chuo kinachoendeshwa kwa ada kitaona uchungu wa yote mawili.