Tuambieni jukwaa mapema, jamani

Hivi kuna ugumu gani kumwambia abiria mapema treni yake iko jukwaa namba ngapi? Jumamosi tulipanga kwenda Reims, mji wa Ufaransa, na kurudi siku hiyohiyo. Kutoka Paris ni kama dakika 45 tu kwa treni ya kasi. Nilikuwa na mama mkwe, miguu inamsumbua, kwa hiyo tulifika stesheni saa nzima kabla.

Saa nzima tukasimama tumekodolea macho ubao, shingo zinauma. Viti vya kukaa vya kuhesabu. Namba ikaja zikiwa zimebaki dakika kumi na tano, watu mamia wakakurupuka kwa pamoja. Mama akapigwa kikumbo na sanduku la magurudumu, fimbo ikamtoka mkononi. Na behewa letu lilikuwa mwisho kabisa! Treni mbili zikiungwa ni mita 400 hizo. Milango hufungwa dakika mbili kabla ya kuondoka. Ikafungwa mbele ya macho yetu.

Treni iliyofuata tukaipata masaa mawili baadaye. Kanisa kuu la Reims walipotawazwa wafalme wa Ufaransa, ambamo Jeanne d'Arc, yule binti shujaa wa vita, alisimama karibu na Charles VII akitawazwa mwaka 1429, tumelizunguka mbiombio. Malaika anayetabasamu, ile sanamu ya pale mlangoni, mama alitaka amtazame kwa utulivu. Na kile chumba cha mjini humo ambamo Wajerumani walitia saini kusalimu amri katika Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 7 Mei 1945, hatukukiona kabisa.

Wazee, wajawazito, wenye watoto mgongoni: hawa nao wamekata tiketi. Watangaziwe mapema!