Hicho Chumba cha Kwenye Picha Kiko Wapi?

Jamani, hawa wenye gesti za Kariakoo picha zao huwa wanapigia wapi, peponi? Kwenye simu unaona kitanda cha futi sita, shuka jeupe pe, dirisha pana. Fungua mlango sasa: futi nne, na dirisha linatazama ukuta wa jirani!

Halafu "maji moto yapo". Yapo wapi? Tangi liko juu ya paa, bafu la ghorofa ya mwisho liko chini yake tu, presha haipo, na hita ya papo kwa papo haiwaki bila presha. Unaoga matone! Usiulize kama maji moto yapo. Uliza yanafika ghorofa ya ngapi, kisha omba chumba cha chini ya hapo.

AC? Ipo, ila rimoti iko mapokezi na ina bei yake. Chandarua? Kipo, kina tundu la kupitisha kuku. Dar, mwezi wa pili, joto la kukaanga chapati, mtu analalaje?

Na bei: kwenye simu elfu thelathini na tano, ukifika arobaini. Kwa nini? Dai bei kwa meseji, pamoja na video ya chumba chenyewe, bomba likitiririka na dirisha likiwa wazi, usikie Mtaa wa Msimbazi unavyonguruma.

Muda wa kutoka chumbani ni saa nne asubuhi, wakati treni yako ya Dodoma ni ya jioni. Mabegi je? "Hatutunzi mizigo." Gesti gani hii isiyotunza mizigo?